Jina Tulilomficha Mama

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya duka la fundi saa.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto je, wanakua au wanarefuka tu? Na huko karakanani mgongo umekuachia, au bado unalala chini ya magari ya watu kutwa nzima? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila uzima wetu siku hizi ni wa kuungaunga.

Simu yako inaita mpaka inachoka. Nimeona nikuandikie, maana barua huwezi kuikata. Nampa dereva wa lori anayepakia mizigo jirani na kazini kwenu, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeisoma. Usimfukuze, ni mume wa rafiki yangu.

Nisikuzungushe. Hali ya mama si nzuri. Miguu imejaa maji, pumzi zimekuwa fupi, na daktari ametuambia tumrudishe nyumbani tukae naye. Unajua maana ya maneno hayo. Kitanda chake tumekiweka humu humu chumba cha kazi, kati ya cherehani yake na meza ya kukatia, kwa sababu amekataa katakata kulala mahali asipoisikia mashine. Analala macho kayafumba, mimi nashona, mara nasikia, "Uzi umelegea huo." Nikitazama, kweli umelegea.

Lakini si ugonjwa peke yake ulionikalisha kuandika.

Wiki iliyopita binti yangu alimwomba bibi yake hadithi. Mama akaanza bila kusita: hapo kale palikuwa na zimwi, bibi kizee mmoja aitwaye Kibogoyo. Nikasimamisha gurudumu la cherehani. Shangazi alikuwa pembeni anachambua vifungo, akakohoa. Mama akaendelea. Shangazi akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Mama akamgeukia, "Una nini, wifi? Umemeza kifungo?"

Hadithi yenyewe unaikumbuka. Bibi yule hana jino hata moja, hawezi kutafuna, kwa hiyo humeza watu wazima wazima, na tumbo likipasuliwa wote hutoka wakijikung'uta vumbi. Siku kitinda mimba wetu, yule binti mdogo, alipozama kwenye bwawa la Kibogoyo, mama alikaa ukingoni akakataa kulia. Alikuwa akisema, limemmeza mzima, atatoka mzima. Mpaka walipomtoa.

Siku tuliyomzika mtoto, shangazi alitukusanya jikoni akasema jina hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba hii, tusije tukamtonesha mama kidonda. Alisema kwa huruma, simlaumu. Basi kilima cha Kibogoyo, kile chenye pengo la mawe juu, tukakiita kilima kile. Hadithi tukaiacha. Hata fundi saa na wateja walijua kuuma ulimi wakiingia hapa. Na hakuna undugu wowote kati ya vitu hivyo! Kilima kina pengo lake, zimwi mama alikuja nalo kutoka kwao, na bwawa hakuna anayejua nani aliliita hivyo.

Na wewe ulikuwa Kibogoyo wetu kwa sababu uliangukia kanyagio la cherehani hii hii ukang'oa meno ya mbele. Ulikosa nini wewe? Lakini jina lako lilizikwa pamoja na la bwawa. Tangu hapo ukawa "wewe", ukawa "we mtoto", ukawa "hebu njoo". Na kule shuleni wenzako wakakuimbia kwamba Kibogoyo kamla mdogo wake. Nakumbuka ulivyorudi ukaketi chini ya meza ya kukatia, mdomo umeuziba kwa mkono. Iliniuma sana, na inaniuma mpaka leo.

Basi, turudi kwenye kikohozi cha shangazi. Mama alimbana mpaka akasema waziwazi: "Jina hilo tulilikataza kwa ajili yako wewe, wifi." Loo, mdogo wangu! Mama alijiinua kwa kiwiko. Halafu akauliza, "Nani aliwatuma?" Kumbe yeye aliona tu ghafla halitajwi, akadhani ni wewe uliyelikataa. Akadhani umemkasirikia kwa kifo cha mdogo wako, hata jina alilokupa huku akikupangusa damu hulitaki tena. Akaogopa kukuita. Akawa anasubiri wewe umruhusu, na wewe ukawa unasubiri akuite, ndani ya nyumba moja, sahani zenu zikigusana mezani. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wetu sisi ulikuwa siku ile uliyopanda basi bila kuaga.

Tangu siku hiyo shangazi analia juu ya vifungo vyake, vyeusi anavichanganya na vya bluu. Mama anamtania, "Panga haraka wifi, nitakufa sanda yangu ina vifungo vya rangi mbili." Tunacheka, kisha kila mtu anatafuta pa kuangalia.

Juzi akaniambia nisogee, ana neno anataka nimjibu kweli. Nilijiandaa kudanganya habari ya dawa. Akaniuliza, "Hivi meno ya Kibogoyo yaliota sawasawa?"

Nikamwambia mama jamani, si mliishi wote mpaka ameota ndevu? Akasema, "Tangu siku ile ya msiba hajacheka mbele yangu. Sijawahi kuyaona."

Na hata mimi sijui.

Msalimie sana wifi, nipakatie watoto. Shangazi anakusalimu na anaomba radhi, atakuomba mwenyewe kwa mdomo wake. Fundi saa anakusalimu, naye ametamka "Kibogoyo" mlangoni kwa sauti mpaka jirani wakatoka. Mungu akufungulie njia na ampe mama pumzi za kutosha mpaka ufike.

Usilete kitu chochote. Njoo ucheke, Kibogoyo wetu, ayaone.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukininunia.