Mikono ya Baba Inatetemeka na Bloku Haijakatwa

Mpendwa mshauri Bi Domitila, nakuomba unisaidie mapema kabla sijakosa vyote viwili, baba na injini, maana nyumbani kwetu hapa mjini Española hivyo viwili vimeshakuwa kitu kimoja, na mimi nimesimama katikati na tupa mkononi.

Baba yangu ni mzee Onofre, mchomeleaji wa miaka mingi, na gari lake ni Impala ya mwaka sitini na tatu, lile jekundu lililoshushwa mpaka linakaribia kulamba lami, naamini umeliona likipita taratibu mbele ya kanisa siku ya Ijumaa Kuu, watu wanalipiga picha, zuri kweli, lakini limebebeshwa kule nyuma pampu na betri za kuliinua na kulishusha, likipanda mlima wa Truchas linapumua kama mgonjwa, na mwaka jana lilituzimikia katikati ya msafara wa siku hiyo, magari yote nyuma yetu yanapiga honi, baba akashuka akafungua boneti akasema kwa sauti, wote wasikie, "Mwakani litapanda bila kulia, na injini itakuwa hii hii, nitaitengeneza mwenyewe nyumbani kwangu!"

Basi tukaishusha injini, mimi na yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kushika spana tangu sijajua kusuka nywele, na mpango ni kuweka krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, yenye mkono mrefu zaidi ili pistoni zisafiri mbali na nguvu iongezeke, lakini krenki hiyo ikizunguka, konrodi, vyuma vinavyoiunga na pistoni, zinagonga ukingo wa chini wa silinda, kwa hiyo lazima bloku, lile pande la chuma lenye silinda zote, ikatwe kidogo kwa grenda, kila silinda na pengo lake, na hapo ukuta wa chuma ni mwembamba, ukizidisha unatokea kwenye njia za maji na bloku imeharibika, na hii ndiyo bloku iliyotoka kiwandani na gari lake, hatuna nyingine.

Bi Domitila, mikono ya baba inatetemeka. Ni ugonjwa, daktari amesema hautarudi nyuma, asubuhi kikombe cha kahawa kinamwagika kabla hakijafika mdomoni na sote tunatazama dirishani kama vile hatujaona, halafu anakwenda gereji anashika grenda. Mara ya kwanza ilimteleza ikachora mchirizi pembeni mwa silinda, akasema, "Hiyo si kitu, chuma kimekohoa tu," na alipolala baada ya chakula cha mchana nikaingia na tupa nikapalainisha, na tangu hapo ndiyo kazi yangu, yeye anakata, akilala mimi ninarekebisha, akiamka anapapasa anasema, "Unaona? Mkono bado upo," na mimi ninajibu ndiyo baba, mkono upo.

Juzi grenda ililikamata shati lake kwenye kiwiko. Sikufikiri, nilikimbia ukutani nikashusha swichi kubwa, mashine ikazima, nikamwambia, "Baba, umeme umekatika." Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Baba akanitazama, akatazama upande wa ile redio, akakaa kwenye ndoo akasema, "Basi tungoje urudi."

Kaka yangu Leandro anapiga simu kutoka Albuquerque anasema, "Dada, pelekeni hiyo bloku kwa watu wenye mashine, acheni ubishi wenu," na mama anasema nimwache mzee afurahi, chuma ni chuma tu, na mimi sitaki kumvunjia baba neno alilolitoa mbele ya watu, injini itakatwa hapa hapa na litapanda Truchas, hilo nimeshaamua, lakini sijui nimwambieje mtu aliyenipa mikono hii kwamba yake imekwisha. Nimwambie ukweli? Nimdanganye mpaka mwisho? Niambie.

Corina, Española

* * *

Corina,

Pole. Nakupa pole moja tu kwa sababu nyingine nitazihitaji kwa baba yako.

Umemzimia mzee umeme huku redio ya jirani inaimba, halafu unaniuliza umwambieje? Ameshaambiwa, mwanangu. Ameambiwa kwa swichi. Kilichobaki ni wewe kupata adabu ya kumwambia kwa mdomo. Na hiyo kazi ya kwenda na tupa wakati mwenzio amelala, acha leo. Unaiita huruma, mimi naiita kumfanya mtu mzima mtoto. Unadhani fundi aliyechomelea vyuma maisha yake yote akipapasa hajui alama ya tupa ya mtu mwingine?

Mimi injini siijui. Ninajua gari likiwaka na likigoma, basi. Lakini najua kwamba chombo kinachozunguka kasi namna ile hakishikwi na mkono unaotetemeka, na hapo hakuna heshima, hakuna ahadi ya mbele ya kanisa, hakuna "mwache afurahi". Mwambie mama yako nimesema hivyo. Leo imekamata shati. Kesho unataka ikamate nini ndipo uniandikie tena?

Sasa sikiliza. Usimwite Leandro, usimwite padri, usipike kitu kizuri kwanza ili kumlainisha. Nenda gereji asubuhi, mkiwa wawili, simama mbele yake, umwambie: "Baba, mikono yako haiwezi tena kushika grenda. Nitashika mimi. Wewe niambie nikate wapi." Mwambie pia habari ya tupa na ya swichi. Kisha nyamaza. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Usimkimbilie na utani, usimfute hasira kama unafuta mafuta mezani. Akitaka kukaa kimya wiki nzima, mpe wiki.

Na wewe, kama unashika hiyo mashine, ishike kama mwenye kazi. Hutajificha tena nyuma ya makosa yake. Yatakuwa yako.

Leandro akipiga simu, mwambie maoni yanapokelewa kutoka kwa yule aliyekuja kuosha vyuma.

Bi Domitila

* * *

Corina ameniandikia tena, na ameniruhusu niwasomee wasomaji wangu.

Bi Domitila, nilifanya kama ulivyosema, nikasimama mbele yake nikasema yote bila kupumua, na baba akavua glovu moja, akahangaika na ya pili, mimi sikumsaidia, nikajizuia, akasema, "Kwa hiyo umeme ulikatika mkononi mwangu," akaenda zake ndani. Siku kadhaa hakunisemesha, mezani alikuwa anamwambia mama, "Mwambie binti yako anipe pilipili," na mimi nimekaa pale pale ubavuni kwake.

Halafu asubuhi moja nikamkuta gereji amekaa kwenye ndoo, bloku ameshaipindua, ameipaka wino wa bluu sehemu za kukata, mistari yenyewe imepinda lakini mahali ni penyewe, akasema, "Unasubiri nini, mama? Washa."

Nikakata. Bi Domitila, sijawahi kutukanwa vile. "Taratibu! Unachinja mbuzi? Ondoa kiwiko! Sikiliza sauti, chuma kikiwa chembamba kinalia!" Silinda ya kwanza ikatoka safi, ya pili safi, nikaanza kujiona, na kwenye ile ya mwisho nikasukuma kidogo tu zaidi ya alivyosema, sauti ikabadilika, baba akapaza sauti, "Acha!" Nikaacha nimechelewa. Kulikuwa na tundu dogo kama punje ya mahindi, na ndani yake giza, njia ya maji.

Mimi, Bi Domitila. Mwenye mikono iliyotulia.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Baba akainama, akaingiza ncha ya kidole kwenye lile tundu, akanitazama, akaanza kucheka, alicheka mpaka akashika meza. "Mikono imetulia kama ya padri anayeinua kikombe," akasema, "na bado umetoboa!" Nikamwambia, "Baba, nimeiua." Akasema, "Umeijeruhi. Kuua ni kitu kingine. Inuka, tafuta kuni."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi yake ya kuchomelea, ile ambayo hakuwahi kunifundisha kwa sababu tulikuwa tunashughulika na magari tu. Alinieleza kwamba chuma cha kumimina ukikichomelea kikiwa baridi kinapasuka kwa hasira, kwa hiyo tuliipasha bloku nzima moto polepole uani, tukaziba tundu kwa shaba, mimi nimeshika mwali na yeye nyuma yangu ananisomea rangi ya chuma, "Bado, bado, sasa, lisha shaba," kisha tukaifukia kwenye majivu ya moto ili ipoe kwa wakati wake, na alinikataza hata kuichungulia. Tulipoijaza maji haikutoa tone. Tukaweka krenki na konrodi, baba akakamata fimbo ndefu ya kuzungushia kwa mikono yote miwili, mikono inatetemeka na krenki haijali, ikazunguka duara zima bila kugusa popote.

Injini haijafungwa yote na Ijumaa Kuu haiko mbali, ila tutafika. Leandro alikuja Jumapili, nikampa beseni na brashi. Na jana jirani alisimama kwenye ua akauliza ni karakana gani imeikata bloku vizuri namna ile, baba akajibu kabla sijafungua mdomo: "Hii? Kaikata binti yangu. Akaitoboa, akaiziba mwenyewe."

Sina la kuongeza, Corina. Rudini kazini.

Bi Domitila