Njugu za Mama Hikma

Elsie, nimekasirika.

Kile kitabu chako cha msichana wa chuo aliyeenda bichi kusoma akapata mpenzi, mamangu ameona yule mwanaume kifua wazi kwa kava, akakipeleka kwa Mama Hikma wa njugu.

Afungie watu njugu, Elsie.

Nilikuwa nimebakisha kurasa tatu nijue kama atamkubali. Nimekimbia huko, nikapata zimeshaenda na wateja.

Unajua Mama Hikma ameniambia nini? "Usinune, mwanangu. Mimi husoma kwanza ndio nirarue. Walioana."

Walioana. Nani alimuuliza?

Kisha akanipa njugu za kunituliza. Nimefungua karatasi, ni ukurasa wa kwanza, pale uliandika: Mali ya Elsie, usipoteze.