Ramani Yangu Imekwenda Shule

Mama watoto, maji ya kunywa nimechemsha, yafunike yakipoa. Fundi bomba akija mwonyeshe sinki.

Halafu nina neno. Asubuhi nimefungua kile kitabu kinene cha vita ninachokisoma, nikakuta ramani imechanwa, haimo. Kumbe umeijalidia daftari la hesabu la kitindamimba! Magazeti yote yale hukuyaona? Jeshi langu limefika mtoni halijui daraja liko wapi, na ramani iko darasani inajumlisha na kutoa! Hata chai sikunywa kwa hasira.

~~Kabati la vitabu nalitia kufuli.~~

Basi, liache wazi. Ila kitindamimba akirudi asibandue kitu. Anisubiri na daftari lake, nikifika anionyeshe daraja.

Baba watoto, jemadari aliyekwama mtoni