Mti wa Hawe Uliozaliwa Chupani

Junju, Kilifi
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Zipporah,

Shikamoo. Huko Doha joto likoje, na yule mtoto unayemlea ameacha kulia? Sisi huku wazima, mvua imeshika na mahindi yamefika magotini. Ningekupigia simu, lakini wanijua, kwenye simu mimi nanyamaza tu mpaka salio linaisha.

Shangazi, habari hii ni ya mamako, Hawe, bibi yetu sisi. Ule mti wake wa dawa ya watoto, wa pale mpakani mwa shamba, tingatinga liliung'oa wakati shamba la jirani lilipouzwa. Porini hakuna tena, wachimbaji wamemaliza mizizi kwa magunia. Hawe akaacha kazi yake ya kutibu. Mtu akija na mtoto anaumwa tumbo, yeye amwambia, "Mimi sina kitu tena," kisha aingia ndani. Chakula akawa aonja tu. Tukaogopa.

Sasa, wajua mimi naosha chupa pale maabara ya miti ya dawa. Kabla ya tingatinga kuja, bosi wetu Kiprop alikuwa ameomba tawi la mti ule. Wakakata vipande vidogo kama ukucha, wakaviweka kwenye chupa zenye chakula cha miti, kitu laini kama uji ulioganda. Karibu zote zikaota ukungu, nikazimwaga mwenyewe. Ikabaki moja. Kila asubuhi nilikuwa naichungulia hiyo kwanza, watu nawasalimu baadaye.

Ikachipua! Wakaigawa, wakaigawa tena, sasa ni rafu nzima. Na kuna chupa nyingine zina mizizi mitupu, shina hakuna, jani hakuna, yaogelea tu kwenye maji ya sukari juu ya mashine inayotikisika. Ile dawa yatolewa humo humo, hakuna haja ya kuchimba mti wa mtu.

Nikampeleka Hawe aone. Kuvalishwa koti jeupe akacheka, "Kavumbi, leo mimi ndiye daktari!" Alipoona ile mizizi akasema, "Yaani mtoto yupo, mama hayupo? Na mnene hivi!"

Kiprop akampa miche mitano. Hawe akaipokea, akageuka, akaenda zake bila neno. Kiprop akanivuta kando: "Bibi amekasirika?" Nikamwambia, kwetu dawa haiambiwi asante, ukiishukuru inalala, haiponyi tena. Akacheka mpaka akashika meza. "Basi mwambie hata mimi sikumpa kitu!"

Mche mmoja umekauka, minne imetoa majani mapya. Jana Mbeyu wa dukani alikuja na mwanawe. Hawe akamwambia ampeleke zahanati, "lakini mwakani uje kwangu, mti utakuwa umekua." Mwakani, Shangazi! Mwenyewe kasema mwakani.

Baba na mdogo wangu Kambi wakusalimu sana. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Kavumbi