Ubuyu kwa Kila Shikamoo

Jumatatu, 8 Septemba

Ubuyu umekwisha tena. Nimepita Makadara nikitoka kazini kununua mwingine, vidole vyekundu mpaka sasa. Kanuni ni ile ile. Binti yangu Nasra akimwamkia bibi yake na kumbusu mkono, anapata ubuyu. Asipoamkia, hapati. Simgombezi.

Mtoto huyu alikuwa akiamkia hata paka. Tangu Bibi Mkuu, mamake mama mkwe, afariki mwezi wa Ramadhani, haamkii mzee yeyote. Anaficha mikono nyuma. Mama mkwe, anayekaa ghorofa ya chini yetu, ametoa neno: asipotengenea kufikia mwisho wa mwezi, anakwenda Malindi kulelewa na shangazi yake. Mume wangu yuko melini. Amejibu kwa ujumbe mfupi, Mama ndiye anayejua.

Insha ya chuo inatakiwa Jumamosi. Linganisha nadharia ya tabia na nadharia nyingine kuu za saikolojia, kwa mfano mmoja wa kweli. Mfano ninao nyumbani.

Jumatano, 10 Septemba

Ameamkia. Jana na leo. Ile marahaba ya mama mkwe ilikuwa na uzito. Nimeandika mpaka mkono umechoka. Napenda nadharia hii ya tabia kwa sababu haipigi ramli. Haiulizi mtu ana nini moyoni. Inatazama anachofanya na kinachofuata. Tendo likipata malipo, hurudi. Wazee wetu walikwisha sema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kuna jambo sikuliandika. Amerudi kukojoa kitandani. Na akishaamkia hana utulivu, kutwa anashuka ngazi kuchungulia mlango wa bibi yake, halafu anapanda. Mama mkwe anasema anavizia ubuyu. Huenda.

Alhamisi, 11 Septemba

Darasani, Buxton. Mutua, tunayesoma naye, karani wa reli, mtu wa Machakos asiyejua kunyamaza, ameisoma rasimu yangu. Akasema nimeueleza mkono wa mtoto vizuri sana, ila mtoto mwenyewe hayumo.

Nilichukia. Nilimwambia hizo nadharia za ndani ni za watu wenye nafasi. Ya uchanganuzi wa nafsi itanirudisha mpaka siku niliyomwachisha ziwa, na mwisho kosa litakuwa la mama. Ya utu inataka nimpende bila masharti. Nani asiyempenda wake? Wanaotaka kumpeleka Malindi hawaniulizi kama nampenda. Ya utambuzi inataka nijue mtoto amefikiri nini. Ana miaka mitano. Anafikiri mwezi unamfuata yeye.

Nimerudi kichwa kinauma. Mkono vizuri sana! Nani alimwomba maoni?

Ijumaa, 12 Septemba

Aibu. Sijui nitatokaje nje kesho.

Mzee mmoja, jirani wa zamani wa mama mkwe, amefariki. Tulikwenda kilioni sote. Wanawake wamekaa mikekani. Nasra akazunguka, mmoja mmoja, shikamoo, busu, shikamoo, busu. Uso umemkauka. Mimi najivuna. Alipofika kwa mjane, akabusu, kisha akafungua kiganja na kungoja.

Mjane hakuelewa. Nasra akakisogeza kiganja karibu zaidi. Mtu akacheka, akajitia kukohoa. Mama mkwe aliinuka kabla ya kahawa. Alisema neno lake mlangoni, kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko kupigiwa kelele.

"Umemfunda kuomba, hukumfunda adabu. Jumapili yuwenda Malindi."

Ndani ya tuktuk Nasra akauliza yule mzee aliyekufa aliamkiwa na nani. Nilimwambia anyamaze.

Jumamosi, 13 Septemba

Sikwenda darasani. Nilikuwa nakunja nguo zake za Malindi, na lile swali likanirudia. Aliamkiwa na nani. Swali gani hilo?

Nikakaa naye sakafuni, bila ubuyu. Nikamuuliza kwa nini alitaka kujua. Alizungusha pindo la leso yangu kidoleni.

"N'limbusu Bibi Mkuu mkono," akasema. "Ulikuwa baridi. Akafa."

Kisha akaniambia yaliyobaki, kana kwamba mimi ndiye mjinga. Kila akimbusu bibi yake, lazima ashuke kutazama kama yu hai.

Naikumbuka siku ile. Bibi Mkuu kitandani, mama mkwe akamsogeza mtoto amwamkie. Baada ya muda mfupi roho ikatoka. Tukamharakisha Nasra kwa jirani asione. Hakuna aliyemweleza kitu. Na mimi nimekuwa nikimlipa ubuyu ajaribu kumuua bibi yake.

Nilishuka nikamwambia mama mkwe. Alisikiliza akiwa amesimama, halafu akatafuta kiti.

"Ni mimi n'lomsukuma," akasema.

Habari ya Malindi hakuitaja. Sikuthubutu kuuliza. Begi liko mlangoni.

Jumapili, 14 Septemba

Mama mkwe alipanda asubuhi mapema. Huwa hapandi, kwa sababu ya magoti. Nikajua amekuja kumchukua. Nikasimama mbele ya begi, kana kwamba hilo lingesaidia.

Hakutoa mkono wake ubusiwe. Alikaa, akauchukua mkono wa Nasra, akaubusu yeye. Mtoto alijikaza, macho kwenye mkono wake mwenyewe.

"Haya," akasema mama mkwe. "Natungoje, tuone."

Tukangoja. Nikatia chai. Wakala mahamri kwa mbaazi, kila mmoja akimtazama mwenzake. Hakufa mtu. Akashuka, ngazi moja moja. Begi akaliacha pale pale.

Jumatano, 17 Septemba

Insha nimeipeleka kwa kuchelewa. Mwalimu amesema sikuamua ni nadharia ipi yenye nguvu zaidi. Kweli, sikuamua. Ubuyu ulifanya kazi, hilo siwezi kulikana. Mutua hakusema "nilikwambia", nami nikamshukuru kwa hilo tu.

Mama mkwe anapanda kila asubuhi, magoti na yote. Anakaa mpaka Nasra amwone. Hakuna anayemwamkia mwenzake. Ubuyu uliobaki tunaula sote watatu bila sababu.

Nguo za Malindi nimezirudisha kabatini. Leo Nasra amemsindikiza bibi yake kushuka, kamshika mkono ili asiteleze. Akapanda, akaomba maji, akacheza. Jioni nzima hakushuka kuchungulia.