Soketi Chini ya Ngazi

Kampala, 3 Juni 2024

Kwa dada Lisette,

Nakusalimia sana, wewe na mama. Mimi mzima, kile kikohozi kimeniacha. Uvimbe wa shingo ya mama unaendeleaje?

Audace amenunua lori kuukuu na anataka kuligeuza studio ya kurekodia kwaya makanisani kwao. Amenipa kazi ya kupanga umeme wake, na wewe ya kuufunga. Ataanza na kwaya ya mama, kanisani Buterere, Jumamosi tarehe 13 Julai. Nimemwomba iwe hivyo kwa sababu Jumatatu yake mama anapasuliwa, na daktari alisema sauti inaweza isirudi.

Djibril wa basi anakuletea mchoro. Jenereta linakaa mbali, lisiungurume ndani ya nyimbo. Laini ya kwanza ni ya taa na kipoza hewa. Ya pili inapita kwenye betri na inveta, nayo ni ya mashine za kurekodia peke yake. Nimeacha soketi moja chini ya ngazi ya nyuma, ya kupimia laini hiyo.

Dada, mimi Buterere nimeondoka zamani. Wewe unawajua watu wa pale. Kama kuna kitu nimesahau, kiandike kwa penseli unirudishie.

Mdogo wako,
Prodige

Mutakura, 9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Barua imefika. Sisi wazima, ila mama anameza kwa shida kidogo. Mchoro wako ameulalia siku mbili, ameuweka chini ya Biblia kama cheti cha ubatizo. Kila anayeingia kumjulia hali anaonyeshwa, hata muuza mkaa.

Audace naye amepita hapa karakana. Kwake wewe ni injinia, mimi ni "yule dada wa nyaya", wa kuvuta na kufunga. Nyaya za kanisa lile nilizifunga mimi, peke yangu, juu ya ngazi ya kuazima. Na wewe ulijifunza kumenya waya kwenye meza hii ya marehemu baba, nikikushika mkono. Sijui kama Kampala huwa unawaambia.

Nitafunga kama ulivyochora. Mchoro wako unarudi na jibu langu la penseli pembeni.

Dada yako,
Lisette

Kampala, 22 Julai 2024

Dada mpendwa,

Natumaini mmeamka salama. Nimefurahi kusikia mama ametoka hospitali na anakunywa uji.

Audace amenieleza kwa simu. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri, wa pili mama akiwa katikati, mashine zote zikazima na inveta ikaungua. Jumapili nzima hawakupata nyingine. Anasema kazi ya kuchora ameshampa mtu mwingine.

Sijabishana naye. Nimemwambia kosa ni la aliyechora, na aliyefunga hahusiki, akuachie kazi yako. Sijui nilikosea wapi. Napiga hesabu kila siku na inakubali. Mwambie mama anisamehe.

Mdogo wako,
Prodige

Mutakura, 30 Julai 2024

Prodige,

Mama anakusalimia. Kidonda kinafunga. Anaongea kwa sauti nzito ya chini na kuimba hawezi, sehemu yake kwenye kwaya wamempa mtu mwingine.

Hesabu yako haina kosa, acha kuipiga. Mtaa wa Buterere haukuwa na umeme tangu Jumatano ya wiki ile. Huku likija gari lenye umeme, watu huja na simu zao na pasi zao, na kuwakatalia ni kama kumnyima mtu maji. Wamama wa kwaya waliokuwa nje wakingoja zamu yao walitaka kunyoosha vitenge vyao. Anselme mlinzi akatafuta soketi, akaona ile moja chini ya ngazi. Walichomeka pasi kwenye laini ya mashine, inveta ikazidiwa.

Nililijua hilo siku ileile niliyofungua mchoro. Soketi nne za nje kwenye laini ya taa zingetosha. Uliniuliza, nami nikanyamaza. Nilikuwa na wivu, Prodige. Nilitaka kitu kidogo kikushinde ili Audace aje kwangu kuuliza. Nilidhani watachomeka simu, sauti ikwaruze kidogo, nitengeneze palepale mbele ya watu. Pasi sikuifikiria.

Jana mama aliusikiliza ule ubeti mmoja kwenye simu, akaniuliza, "Prodige alikosea wapi?"

Nikamwambia, "Apana, mama. Yeye aliniuliza. Ni mi nilinyamaza."

Akasema nimuwekee tena kutoka mwanzo. Audace nimemwambia pia, na kazi amenitoa. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Lisette

Mutakura, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Mama mzima, jana alitembea mpaka sokoni.

Djibril amefika na bahasha yako. Nimeitikisa, nimeipasua pembeni nikidhani barua imenasa. Ndani mlikuwa na ule mchoro tu, na maneno yangu ya penseli kando ya soketi ya chini ya ngazi: "Umekamilika. Usiongeze kitu."

Mama aliuliza umeandika nini. Nimemwonyesha. Kisha nimeubandika ukutani, juu ya meza ya baba, ninapokaa kila siku.

Dada yako, kama bado,
Lisette