Walisimama Deo Alipoingia

Mpendwa yaya, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Nakuomba, barua hii usimsomee mtu yeyote, hata shemeji. Ukimaliza, ichome. Mimi ni karani tu katika ofisi ya mkuu wa kitivo, na ninaogopa.

Uliuandika ule mchezo wa kuigiza, ukatufundisha kuucheza, kisha ukaenda Sange kufundisha kabla haujaonyeshwa. Unakumbuka mazoezi katika ukumbi wa parokia, kule Kasha? Mwanafunzi anakataa kulala na profesa, naye anamwangusha mtihani kila mwaka. Deo, fundi viatu, ndiye aliyekuwa profesa. Alikuwa anambembeleza yule msichana mpaka ukamfokea: "Deo! Profesa haombake. Anangojaka tu!" Tulicheka, halafu Deo akarudia, safari hii akingoja tu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa wanafunzi. Deo aliingia na koti lake na mkoba, wakasimama. Wote, yaya, kama darasani! Deo maskini akababaika, akasema, "Asseyez-vous." Wakakaa. Kisha msichana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Ee! Si iko Deo wa viatu?" Watu walicheka mpaka machozi. Mimi, niliyekuwa kando ya pazia, sikucheka. Nilikuwa nimenyooka wima, mikono nyuma.

Kinachonikera ni kilichofuata. Hatukumtaja mtu, lakini maprofesa wanakuja ofisini mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akilalamika kwamba tumemwigiza yeye. Mkuu akaniita.

"Mutoto, nani aliandika ile teatre?"

"Tuliandika wote, Papa Doyen."

"Wote iko nani? Lundi uniletee jina. Jina moja."

Diploma yako bado iko mezani kwake, haijatiwa sahihi. Nikilitaja jina lako Jumatatu, haitatoka kamwe. Nisipotaja jina lolote, kazi yangu imekwisha. Nawe unaniandikia kwenye simu: "Mucheze tena, na jina yangu muiweke kwa afishi!" Ni rahisi kutaka jina libandikwe ukutani ukiwa Sange. Mimi ndiye ninayemwamkia yule mzee kila asubuhi na kumfungulia mlango. Nimechoka na woga wangu, yaya, lakini nimechoka pia na ushujaa wako wa mbali. Ungekuwa hapa ungenishika bega kama zamani, na ningejua la kufanya.

Diploma ni yako, kwa hiyo uamuzi ni wako. Usipige simu yangu. Ofisini kuna masikio. Jumamosi nitakuwa Mudaka kwa shangazi, namsaidia kuvuna maharage. Piga simu yake jioni, tukiwa tumerudi nyumbani. Usimweleze kitu. Mwambie anifikishie neno moja tu: ndiyo, kama unataka jina lako litajwe, hapana, kama hutaki. Ukisema hapana, nitampa Mkuu jina langu.

Mdogo wako anayekupenda, na aliyekukasirikia